Kompyuta katika shule za msingi: kipindi kitangulie, vifaa vifuate

Mwalimu wa Zamu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa,

Kila bajeti ya elimu inaposomwa, mjadala wa kompyuta katika shule za msingi hurudi pale pale: ni shule ngapi zitapata vifaa, nani atavileta na umeme utafika lini. Sisemi kwamba maswali hayo hayana maana. Hoja yangu ni kwamba yanaulizwa kabla ya swali lililopaswa kutangulia, yaani mtoto wa darasa la tatu hadi la saba afundishwe nini hasa, katika kipindi gani cha ratiba, na mwalimu yupi. Shule ambayo haijajibu swali hilo, hata ikiletewa vishikwambi mia moja, itavifungia kabatini. Na shule iliyolijibu inaweza kuanza Jumatatu ijayo kwa chaki, maboksi na uwanja wa michezo.

Kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo kwa kawaida hutiwa kapu moja. Lipo suala la kutumia kompyuta kama chombo cha kufundishia masomo mengine, kwa mfano mtoto kujifunza kusoma kupitia kishikwambi. Lipo suala la kumzoeza mtoto kifaa chenyewe: kukiwasha na kukizima, kuandika kwa kibodi, kuhifadhi faili na kulipata tena, kutafuta habari mtandaoni na kuzipima. Na lipo suala la kumfahamisha jinsi kompyuta inavyofanya kazi na jinsi ya kuielekeza ifanye atakalo, yaani kutunga programu. Shule nyingi za mijini zinazojitangaza kwamba zinafundisha kompyuta hufanya la pili tu, tena kwa sehemu, na viongozi wanapozungumzia vishikwambi mara nyingi wanakusudia la kwanza.

Mfano mzuri wa hilo la kwanza tunao hapa nchini Tanzania. Kati ya mwaka 2017 na 2019, katika vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, chini ya shindano la kimataifa la XPRIZE lililoendeshwa kwa ushirikiano na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na serikali yetu. Wengi wao hawakuwa wamewahi kwenda shule, na vituo vya kuchajia kwa umeme wa jua vilijengwa vijijini humo. Kabla ya jaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi yao ilipungua kwa nusu, na Mei 2019 timu za onebillion na Kitkit School zikagawana zawadi ya dola milioni 10 za Marekani. Ni matokeo ya heshima, ingawa wanaoyanukuu hupenda kuiacha nusu iliyobaki ambayo bado haikuweza kusoma. Lakini jaribio lile lilihusu kusoma na kuhesabu. Halikukusudia kumwonyesha mtoto kwa nini picha inaruka anapoigusa, wala ni nani aliyeiagiza iruke.

Hilo la tatu ndilo linalosahauliwa, na si kwetu tu. Uingereza ilikuwa na kompyuta katika shule zake tangu miaka ya 1980, lakini mwaka 2012 taarifa ya Royal Society, taasisi ya wanasayansi ya nchi hiyo, ilieleza kwamba somo la TEHAMA (teknolojia ya habari na mawasiliano) lilikuwa limefifia hadi kuwa mazoezi ya kuchapa maandishi na kujaza majedwali, na kwamba halikuwavutia wanafunzi wengi. Septemba 2014 England ikaliondoa na kuweka somo jipya ambalo linamtaka mtoto wa miaka mitano hadi saba aelewe algoridhimu (mfuatano wa hatua za kufanyia kazi fulani) ni nini, atunge programu rahisi na kutafuta makosa yaliyomo. Nchi yenye vifaa tele iligundua kwamba vifaa peke yake havikuwa vimeleta somo. Na hata baada ya kubadili mtaala, mwaka 2017 taasisi hiyo hiyo ilisema kwamba ufundishaji ulikuwa bado dhaifu na wenye kutofautiana mno kati ya shule na shule, sababu kubwa ikiwa ni walimu kutokuwa na maandalizi ya kutosha.

Kwetu, mada ya TEHAMA imekaa kwa miaka kadhaa ndani ya somo la Sayansi na Teknolojia, na sote tunajua inavyofundishwa pale ambapo hakuna kompyuta. Mwalimu huchora kipanya ubaoni, watoto hukinakili, kisha hukariri kwamba kibodi ni kifaa cha kuingizia taarifa na printa ni kifaa cha kutolea. Swali la mtihani likija, mtoto hupata alama. Ukimwuliza taarifa hiyo ikishaingia inafanywa nini huko ndani, hakuna aliyewahi kumwambia. Sikubaliani na wanaosema kwamba tatizo hapa ni ukosefu wa kompyuta. Ubao ule ule uliochorewa kipanya ungetosha kabisa kufundishia jambo lenye maana zaidi.

Niwaeleze jinsi inavyowezekana, kwa sababu hapa ndipo wengi hudhani ninapiga porojo. Chuo Kikuu cha Canterbury cha New Zealand kimekuwa kikiandaa kwa miaka mingi mazoezi ya kufundishia sayansi ya kompyuta bila kompyuta, na mengi ya hayo hayadai zaidi ya karatasi na watoto wenyewe. Chukua vipande vitano vya boksi, uvichore vitone: cha kwanza kutoka kulia kitone kimoja, kinachofuata viwili, kisha vinne, vinane na kumi na sita. Waite watoto watano mbele, kila mmoja ashike kipande chake, awe na hiari ya kukionyesha au kukificha tu, basi. Liulize darasa lipate tisa. Watabishana, kisha mwenye vinane na mwenye kimoja wataonyesha na wengine wataficha. Uliza kumi na tisa, uliza thelathini na moja, kisha uliza kama ipo namba kati ya sifuri na thelathini na moja isiyoweza kupatikana. Baada ya hapo andika 1 kwa kilichoonyeshwa na 0 kwa kilichofichwa, nao watakuwa wameandika tisa kuwa 01001. Ukiwapa A iwe 1, B iwe 2, na kuendelea hivyo, wataweza kupelekeana neno BABA kwa kuwasha na kuzima tochi: 00010, 00001, 00010, 00001. Mtoto huyo ameshaelewa kwamba kompyuta haijui herufi wala picha, inajua kuwaka na kuzima, na kwamba mengine yote ni makubaliano ya watu.

Tena mfano wa kuwaonyesha wanao mikononi. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulianza kutumia fomu za OMR, yaani fomu za majibu zinazosomwa na mashine, mwaka 2012, na kila mtoto wa darasa la saba huhimizwa asiweke kivuli nusu nusu wala asitoke nje ya duara. Mara nyingi huambiwa tu kwamba mashine haitasoma. Ni wapi pazuri zaidi pa kumweleza kwamba mashine hiyo haisomi jibu lake bali inapima kama duara ni jeusi au jeupe, moja au sifuri, na ndiyo maana haina huruma na duara la kijivu?

Zoezi jingine ni la uwanjani. Chora miraba chini kwa kijiti, weka ndoo mbili tatu ziwe vizuizi, mtoto mmoja awe roboti na mwingine amwandikie maagizo kwenye karatasi kwa maneno matatu tu: mbele, kulia, kushoto. Roboti haruhusiwi kufikiri. Akiambiwa mbele ilhali kuna ndoo, anaigonga. Darasa zima litacheka, na hapo hapo mwandishi atatakiwa aipitie karatasi yake mstari kwa mstari atafute agizo lililokosewa. Kazi hiyo ya kupitia na kusahihisha ndiyo kiini cha somo kwa maoni yangu, kuliko hata kutunga. Wakishazoea, ongeza neno la nne: rudia. Wataona wenyewe kwamba "rudia mara nne: mbele, mbele, mbele, kulia" humzungusha roboti kwenye mraba na kumrejesha alipoanzia. Lugha ya Logo, iliyobuniwa Marekani mwaka 1967 na Seymour Papert na wenzake ili watoto waandike programu, ilikuja kujulikana kwa kobe wa kwenye skrini anayefuata maagizo ya namna hiyo hiyo.

Na kwa wale waliokulia pwani, lipo bao. Mashimo 32, kete 64, na kanuni ambayo ukiitazama vizuri ni kitanzi kamili cha programu, yaani maagizo yanayojirudia mpaka sharti fulani litimie: endelea kusambaza kete moja moja; ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, zichukue uendelee; ikiangukia shimo tupu, umelala. Mtoto anayelijua bao tayari anajua masharti, marudio na kikomo. Anachohitaji ni kuambiwa ayaandike kwa namna ambayo mtu asiyelijua bao kabisa angeweza kucheza bila kuuliza swali, na akijaribu ataona ni mambo mangapi aliyaacha kwa kudhani kila mtu anayajua.

Kinachobaki ni mwalimu. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa kwa walimu wa shule za serikali, na hivyo katika shule nyingi sasa kuna kifaa mkononi mwa mwalimu mwenyewe. Taasisi ya Elimu nayo ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada. Kwa hiyo mwalimu ana pa kuanzia. Hata hivyo semina nilizozisikia zikisimuliwa huishia kwenye namna ya kufungua barua pepe na kujaza mfumo wa takwimu za shule, mambo ya ofisi, wala si namna ya kumfundisha mtoto wa miaka tisa. Ninaomba tujadili hilo. Walimu wenzangu, wazazi na mafundi, karibuni.

Kaka wa Kilifi

Mwalimu mwenzangu, salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Nimeusoma uzi wako kwa makini na ninakubaliana na sehemu kubwa, ila naomba uniruhusu nikupinge mahali.

Sisi Kenya tuliishi hadithi ya vifaa kutangulia. Ahadi ya vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za mwaka 2013. Zabuni ya mwanzo ikafutwa. Hatimaye mwaka 2016 mradi ulianza kusambaza vishikwambi badala ya vipakatalishi, vikiunganishwa na Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta pamoja na washirika wao wa kigeni. Kila shule ilipata vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi viwili vya walimu, projekta na seva ndogo ya kuhifadhia masomo. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa, na shule nyingi za msingi zilivutiwa umeme kwa sababu ya mradi huo. Hilo la umeme, binafsi, naliona kuwa faida kubwa kuliko vifaa vyenyewe, maana umeme bado upo.

Katika shule niliyokuwa nikifundisha vilitumika kwa shauku mwaka wa kwanza, kisha vikaanza kupungua: kimoja kioo kimepasuka, kingine betri imevimba, vingine mwalimu mkuu anaogopa kuvitoa kwa sababu vikipotea yeye ndiye atakayejibu. Masomo yaliyopakiwa yalikuwa ya madarasa ya mwanzo, na watoto wale walipopanda darasa wakaviacha nyuma. Kwa hiyo unaposema kipindi kitangulie, sina ubishi.

Ninapotofautiana nawe ni hapa. Mtaala wetu wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi saba wa msingi, na mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Karatasi ipo, tena nzuri. Lakini mtoto wa kijijini ambaye amecheza mchezo wa maboksi na vitone mwaka mzima, siku atakapoketi mbele ya tarakilishi ya kwanza na mwenzake wa Nairobi, atachukua dakika nzima kuitafuta herufi M. Mikono yake haijui. Naogopa kwamba hoja yako, ingawa ni ya kweli, itamfaa sana afisa anayetafuta sababu ya kutoleta vifaa. Atasema, si walimu wenyewe wamesema chaki inatosha?

Mwalimu wa Zamu

Ndugu yangu wa Kilifi, ahsante. Hofu yako ni ya haki na niiweke wazi: sijasema chaki inatosha. Nimesema chaki inatosha kuanzia, na kwamba shule iliyokwisha kuanza ndiyo inayojua iombe kifaa gani na kwa kazi gani. Peru iligawa kompyuta ndogo za OLPC, mradi wa kimataifa wa kompyuta moja kwa kila mtoto, kwa mamia ya maelfu ya watoto, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha shule 319 za vijijini, haukuona tofauti yoyote katika alama za hisabati na lugha kati ya waliopata na wasiopata. Afisa wako anaweza kuutumia uchunguzi huo pia kukunyima vifaa. Mimi nausoma tofauti: vifaa viligawiwa, na kazi ya kufanyia vifaa hivyo haikugawiwa.

Kuhusu mikono, umesema kweli tupu. Kasi ya kuandika kwa kibodi haiji kwa maelezo. Hata hivyo kompyuta tatu zinazofanya kazi, kwa darasa la watoto 45 ambao ndio uwiano wa mwalimu mmoja uliowekwa na serikali yetu, zinaweza kuzoeza mikono ya kila mtoto ndani ya muhula ikiwa kuna ratiba. Makundi ya watoto watano watano huingia kwa zamu wakati wengine wakifanya zoezi la karatasi. Anayegusa kibodi ni dereva, anayesoma maagizo ni kondakta, na dereva haruhusiwi kwenda popote ambapo kondakta hajasema. Baada ya dakika tano wanabadilishana. Bila sheria hiyo, nimeona, mtoto mwenye simu nyumbani huikalia kompyuta kipindi kizima na wasichana husukumwa nyuma ya kundi. Mwenye darasa la watoto 90 nalijua jibu lake kwangu, na sina la kumwambia isipokuwa mzunguko wa zamu zake utakuwa mrefu mara mbili.

Fundi Sola

Wakuu, mimi si mwalimu. Ninafunga sola na kutengeneza kompyuta. Niongeze ya kiufundi ambayo shule huniuliza.

Usinunue vifaa vipya kwa ajili ya shule ya kijijini kabla ya kuangalia kompyuta za mezani na laptop zilizotumika. Laptop yenye betri iliyokufa bado ni kompyuta nzima ikiwa kuna umeme wa kudumu, na bei yake hushuka sana. Mashine ambayo ni dhaifu mno kwa toleo la sasa la Scratch (programu ya kufundishia watoto kutunga programu), lililotoka mwaka 2019, inaweza kuendesha toleo la zamani la 1.4 bila shida, na mtoto anayeunganisha vipande vya maagizo kwenye toleo la zamani anajifunza jambo lile lile. Scratch ya sasa ina lugha ya Kiswahili ndani yake, unachagua tu kwenye orodha ya lugha, na ukiisakinisha kwenye mashine haidai intaneti.

Bando ndilo linaloua miradi. Shule inapewa ruta na laini, mwezi wa kwanza analipa mfadhili, wa pili analipa mwalimu mkuu kutoka mfukoni, wa tatu hakuna. Ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambayo sehemu yake hubaki kwa ajili ya vitabu, haiwezi kubeba bando la kila mwezi. Tumieni Kolibri. Ni programu ya bure. Unapakua masomo mara moja mahali penye intaneti nzuri, unayaweka kwenye laptop moja, na laptop hiyo huyasambaza kwa vifaa vingine vyote darasani kupitia Wi-Fi ya ndani bila kugusa bando hata kidogo. Vile vishikwambi vya walimu vinaweza kuunganishwa hapo.

Umeme nao uhesabiwe kabla ya kununua chochote. Laptop tatu za wati 45 kwa saa mbili hula wati-saa 270. Paneli ya wati 100 ikipata jua zuri la saa tano, ukitoa upotevu, itakupa takriban wati-saa 350, kwa hiyo inatosha lakini haina akiba ya siku ya mawingu. Betri ya maji ya 12V, 100Ah inabeba wati-saa 1,200 kwa maandishi, na ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Shule nyingi hununua paneli kubwa na betri ndogo, halafu walimu huchajia simu zote za kijiji, na baada ya mwaka betri imekwisha. Tengeni soketi ya simu mbali na mfumo wa darasa. Na chini ya bati lisilo na dari msiweke kompyuta yoyote. Vumbi hufutika, joto lile halivumiliki.

Mama wa Wawili

Habari zenu, walimu wangu. Mimi ni mzazi, nina mtoto wa darasa la nne na mwingine wa sita. Mnayoyaeleza yananifurahisha, ila nina hofu ambayo sijaona ikiguswa. Watoto hawa hawahitaji kufundishwa kuingia mtandaoni, wanaingia kwa simu yangu nikiwa jikoni. Wanaangalia video ambazo sijui zimetoka wapi, na huyu mkubwa sasa hata kazi za nyumbani anauliza programu za akili bandia na kunakili. Shule ikiongeza kompyuta, haitaongeza balaa? Na picha: walimu wa shule yao huweka picha za watoto wakiwa na sare kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za shule bila kutuuliza wazazi.

Mwalimu wa Zamu

Mama yangu, ahsante kwa kuuliza, na niseme kwamba swali lako lilistahili kuwa ndani ya mada ya mwanzo.

Usalama ndiyo sehemu ambayo watoto wetu wanaielewa upesi kuliko wa nchi nyingine, kwa sababu utapeli wanaujua tangu nyumbani. Hakuna mtoto wa darasa la nne ambaye hajasikia wakubwa wakisoma kwa sauti ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ulete darasani kama ulivyo. Waulize aliyeutuma anamjua nani, kwa nini hakutaja jina wala kiasi, kwa nini ametuma kwa watu wengi kwa mpigo, na ni mtu wa namna gani atakayetuma fedha. Watagundua kwamba mtapeli hakumlenga mtu fulani. Anabahatisha, akitegemea kwamba kati ya watu elfu moja yupo mmoja anayengoja namba ya kutumia hela kweli. Kutoka hapo kwenda kwenye tangazo la zawadi ya uongo, au mgeni anayejifanya mtoto mwenzao kwenye mchezo wa mtandaoni, ni hatua fupi. Neno la siri hufundishwa vivyo hivyo, kwa kuwaacha wakisie namba ya siri ya tarakimu mbili na kuona jinsi inavyopatikana haraka, kisha ya tarakimu nne. Na kila mtoto ajue kwamba namba 116 ni ya bure, hupokea simu za watoto, na inafanya kazi hapa Tanzania na pia Kenya.

Kuhusu video ulizotaja, shule haiwezi kukaa jikoni kwako, lakini inaweza kumfundisha mtoto kwamba video inayofuata haijitokezi yenyewe. Kuna programu iliyoipanga ije kwa sababu aliitazama ile ya kabla mpaka mwisho. Watoto wa darasa la sita hushangaa sana kulijua hilo, na baadhi hukasirika, jambo ambalo mimi hulifurahia.

Akili bandia nayo, kumkataza tu hakutasaidia ikiwa simu ipo. Mimi hupendelea mwalimu abadilishe kazi ya nyumbani: badala ya "eleza umuhimu wa maji", aagize "pima ndoo ngapi za maji zilitumika kwenu jana na uchore chati". Programu haikuwepo nyumbani kwenu, haiwezi kujibu. Na siku moja darasani mwalimu aiulize programu hiyo jambo la kijiji chao ambalo watoto wote wanalijua, waione ikijibu kwa uhakika mkubwa na kukosea.

Kuhusu picha, una haki kamili ya kulalamika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za watoto pia, na Kenya wana yao ya mwaka 2019. Picha yenye sare na nembo ya shule inamwambia mgeni yeyote mtoto huyu anapatikana wapi saa nane mchana. Andika barua kwa kamati ya shule uombe kwamba wazazi waulizwe kwanza, kwa maandishi.

Kaka wa Kilifi

Nakubali sasa kwamba tunasema jambo moja kutoka pande mbili. Nibakize swali moja la mwalimu kwa mwalimu. Ratiba imejaa. Mtihani unapima Kiswahili, Kiingereza, hisabati na mengine, na mwalimu mkuu atakuuliza kipindi cha roboti na ndoo umekitoa wapi. Unamjibu nini?

Mwalimu wa Zamu

Simwombi kipindi kipya, kwa sababu najua hatatoa. Naingia katika vipindi vilivyopo. Vipande vya vitone ni hisabati ya thamani ya nafasi. Mtoto aliyeona namba ikiandikwa kwa mbili-mbili huelewa vizuri zaidi kwa nini sisi tunaandika kwa kumi-kumi. Maagizo ya roboti ni insha ya maelekezo katika Kiswahili, na mwalimu wa Kiswahili anayeisahihisha kwa kumfanya mtoto mwingine aifuate neno kwa neno atapata makosa ambayo kalamu nyekundu haiyaoni. Mchezo wa kukisia namba kati ya moja na mia kwa maswali ya "ni kubwa kuliko" haudai zaidi ya dakika kumi, na darasa litakapogundua kwamba kwa kukata katikati kila mara maswali saba hutosha, litakuwa limejifunza njia ambayo kompyuta hutumia kutafuta jina katika orodha iliyopangwa. Ujumbe wa utapeli unakaa sawa katika masomo ya maadili.

Kitakachobaki bila nafasi ni ile zamu ya mikono kwenye kompyuta tatu, na hiyo huwekwa saa za klabu za masomo, siku mbili kwa wiki, mwalimu mmoja akiwa na jukumu kwa jina lake kwenye ratiba ya shule. Mwalimu huyo ndiye anayeshika ufunguo wa chumba. Shule ambazo ufunguo unakaa kwa mwalimu mkuu anayeitwa wilayani kila wiki, mimi sijaona kompyuta zake zikiwashwa. Nitaweka hapa chini kesho maagizo ya mazoezi manne ya kwanza kwa darasa la tatu na la nne, pamoja na makosa ambayo watoto hufanya mara nyingi katika kila zoezi, ili mwenye darasa ayajaribu na kuandika hapa yaliyomshinda.